BioCube 29 ya mtumba imekaa kavu mwaka mzima: nianzie wapi kuifufua?

Mkazi wa Kigamboni

Habari za jioni wakuu. Nimenunua tangi la maji ya bahari la mtumba, BioCube 29, lile toleo la zamani lenye taa za mirija kwenye kofia na vyumba vitatu vya chujio nyuma. Mwenyewe alikuwa anahama nchi. Limekaa stoo likiwa kavu kama mwaka mmoja hivi. Nipo Dar es Salaam, upande wa Kigamboni.

Hali yake nilivyoikagua leo ni hii. Kioo hakina ufa, ila kimejaa ukoko mweupe kwenye mstari wa maji na ndani ya vyumba vya nyuma. Silikoni ya kona za ndani imebanduka sehemu mbili, kila moja kama sentimita 4. Ukuta mweusi wa plastiki unaotenganisha vyumba na upande wa samaki umeachia chini kulia. Mirija miwili ya wati 36 haiwaki, na feni za kofia hata nikizisukuma kwa kidole hazizunguki. Plagi zote ni za pini bapa za Marekani. Nimepewa pia hita ya wati 100, kilo 14 za mawe makavu, mchanga wake wa zamani ambao bado una unyevu na unanuka, pamoja na vile vijipira vya plastiki vya chumba cha kati.

Nataka klaunifishi wawili, konokono wachache, na baadaye matumbawe laini. Naomba kujua: silikoni nizibe zile sehemu mbili tu au nibandue yote? Vya umeme nitumie transfoma ya kushushia au nitupe? Mawe na mchanga vinafaa? Na maji, nichote baharini au ninunue chumvi?

---

FundiKioo

Mkuu, usichomeke chochote kwenye umeme kwanza. Anza na kioo. Kona za mbele za tangi hilo ni kioo kilichopindwa kiwandani, na fundi vioo wa mtaani hawezi kukukatia kingine. Kikiwa kibovu, hakuna haja ya kununua hata pampu.

Ukoko ni chokaa na chumvi. Usiukwangue mkavu, maana chembe zake zinachora kioo. Lowesha karatasi za chooni kwa siki ya dukani, zibandike juu ya ukoko, ziache saa moja au mbili, uongeze siki zinapokauka. Utaona unatoa viputo. Viputo vikikoma na ukoko bado upo, ujue siki imeisha nguvu, weka nyingine. Baada ya hapo pitisha wembe mpya, ukiwa umeulaza karibu kabisa na kioo, na kioo kiwe kimelowa muda wote. Wembe usiguse silikoni wala ukuta wa plastiki. Kwenye plastiki tumia kadi ya zamani ya benki. Vyumba vya nyuma ambako mkono haupiti vijaze maji ya vuguvugu yenye asidi ya sitriki, gramu 50 kwa kila lita, yalale usiku mmoja. Wakati huohuo jaza na upande wa samaki kwa kimo hichohicho, sababu yake nitaieleza chini. Asubuhi brashi ya kuoshea chupa za mtoto inafika mpaka kwenye kona za mwisho.

Suuza mara tatu, ndipo upitishe jiki isiyo na manukato, kipimo kimoja kwa maji kumi, dakika 30, kisha usuuze tena na kulianika tangi wazi siku mbili. Jiki na siki, au jiki na ile asidi ya sitriki, visikutane hata kidogo. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na kwenye bafu lisilo na dirisha gesi hiyo inaumiza mapafu kweli.

Sasa silikoni. Kwenye tangi la kioo ipo ya aina mbili: ile nyembamba iliyobanwa katikati ya vioo, ambayo ndiyo inayobeba uzito, na ule mstari wa ndani ya kona unaoilinda ile ya kwanza. Chukua tochi, imulike kona kutoka nje. Ukiona viputo virefu au weupe unaoingia katikati ya vioo zaidi ya nusu ya unene wake, hilo si la kuziba, ni la kuvunja na kuunganisha upya, na kwa kioo kilichopindwa mimi nisingelishauri. Kama katikati pako safi, tatizo lako ni mstari wa ndani peke yake.

Mstari huo usiuzibe viraka. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Itakaa miezi michache, kisha maji yatapita katikati ya mpya na ya zamani. Bandua mstari wote wa ndani, kona mbili za wima za nyuma na chini kuzunguka. Kata kwa wembe sambamba na kioo, upande mmoja kisha wa pili, uuvute kama kamba. Ncha ya wembe isizame katikati ya vioo, hapo ndipo watu wanapoharibu tangi zima. Mabaki futa kwa asetoni, lakini kwenye kioo tu. Asetoni ikigusa ukuta wa plastiki inaufanya mweupe na kuupasua nyufa ndogondogo. Huko futa kwa maji yenye siki kidogo, uache ukauke.

Nunua silikoni tupu ya akwaria, ile inayonuka siki inapokauka. Ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki. Bandika tepu ya karatasi milimita 6 kutoka kwenye kona kila upande, kamua silikoni mstari mmoja bila kusimama, lainisha kwa kidole chenye glovu kwa mvuto mmoja, uitoe tepu papo hapo kabla utando haujashika. Una dakika tano hivi, na kwa joto la Dar ni chini ya hapo. Fanya chini kwanza, ufuatishe kona za wima siku hiyohiyo ili silikoni mbichi ikutane na mbichi. Acha siku saba. Harufu ya siki ikiwa bado ipo, bado haijaiva.

Ukuta wa plastiki una tabia yake. Silikoni haiung'ang'anii kama inavyong'ang'ania kioo, ndiyo maana umeachia. Kwaruza ukingo wake kwa msasa namba 120, weka silikoni pande zote mbili za ukuta, na uegemeze kwa kipande cha mbao mpaka siku ya tatu. Hata ukivuja kidogo kati ya vyumba, maji hayamwagiki sakafuni. Unachopoteza ni kimo cha maji ndani ya vyumba.

Na hii ndiyo sababu niliyoiahidi: unapojaribu uvujaji, jaza upande wa samaki na vyumba vya nyuma kwa pamoja. Ukijaza upande mmoja mpaka juu huku mwingine mtupu, ukuta huo unasukumwa na maji ya kimo chote na utang'oka. Jaza theluthi, subiri saa nne. Theluthi ya pili, subiri. Kisha mpaka juu kwa saa 72, tangi likiwa juu ya magazeti makavu. Weka ndoo ya maji pembeni yake, alama ya kalamu kwenye vyote viwili. Maji yakishuka milimita 5 kwenye tangi na milimita 5 kwenye ndoo, huo ni mvuke. Tangi likishuka zaidi ya ndoo, tafuta gazeti lililolowa.

---

Volti230

Nichukue upande wa umeme, maana hapo ndipo nyumba zinapoungua.

Vifaa hivyo ni vya volti 120 na mzunguko wa hetsi 60. Kwetu ni volti 230, hetsi 50. Hita hiyo usijaribu hata sekunde moja: waya wake una ukinzani uleule, kwa hiyo nguvu inapanda kwa mraba wa volti. Wati 100 zinakuwa karibu wati 370 ndani ya kibomba cha kioo kilichotengenezwa kwa mia. Kinapasuka, na umeme unabaki ndani ya maji ya chumvi.

Transfoma ya kushushia inatatua volti, haigusi hetsi. Injini ya pampu za aina hiyo inafuata mzunguko wa umeme, kwa hiyo kwenye hetsi 50 itazunguka kwa sehemu tano kati ya sita tu, yaani kasi inapungua kwa asilimia 17. Nguvu ya kusukuma maji juu inashuka zaidi ya hapo, na koili inavuta mkondo mkubwa kuliko ilivyopangiwa, hivyo inapata joto. Joto hilo linaishia ndani ya maji yako. Balasti za zamani, yaani vile vifaa vya kuwashia mirija, nazo hazina raha. Kwa maoni yangu toa umeme wote wa zamani: pampu, hita, balasti, feni. Ulichonunua ni kioo na vyumba vyake.

Kabla ya kuitupa pampu, ifungue uone sumaku ya impela, ile feni ndogo inayosukuma maji. Kama imevimba, imepasuka ganda au ina kutu, maji ya tangi hilo yamekuwa yakionja chuma muda mrefu, na mchanga wake usiutumie hata kwa majaribio.

Weka pampu ya volti 24 yenye adapta. Soma kibandiko cha adapta: kikiandikwa 100-240V 50/60Hz, iko salama popote. Kwa tangi la lita 110, lita 900 hadi 1,000 kwa saa zinatosha, ukiongeza pampu ndogo ya mawimbi upande wa pili. Feni za kofia ni za volti 12 kama za kompyuta; pima upana kwa rula na utapata zinazolingana kwa mafundi kompyuta Kariakoo.

Kila kitu kipite kwenye RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30, na waya wa kila kifaa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kufuata waya mpaka kwenye plagi. Ekstensheni isilale chini ya tangi. Itundike ukutani, pembeni.

Kuhusu taa, kwa Dar sioni faida ya mirija kabisa, na sababu yangu ni joto kabla ya gharama. Mirija miwili ni wati 72. Ikiwaka saa 10 inatoa wati-saa 720. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba karibu wati-saa 675. Kwa hiyo ili taa hizo zisipandishe joto la tangi, inabidi zaidi ya lita moja ikauke kila siku kwa ajili yao pekee, na chini ya kofia iliyofungwa mvuke hauna pa kutokea. LED ya wati 30 iliyoning'inizwa juu ya tangi lililo wazi inapunguza mzigo huo zaidi ya nusu. Ondoa kofia, weka wavu mwembamba juu ili samaki wasiruke, feni mbili zipulize juu ya maji kwa mshazari. Nje ya msimu wa unyevu mkubwa feni zinashusha nyuzi 2 hadi 3. Mwezi wa tatu, hewa ikiwa nzito, zinashusha kidogo kuliko hapo.

---

Ngong Tank

Niongeze kwa wasomaji wa bara: kwetu Nairobi hesabu ya Volti230 inageuka. Usiku wa mwezi wa saba chumba kinaweza kushuka mpaka nyuzi 15 au chini, na tangi lisilo na kifuniko linapoteza joto haraka. Huku kofia inasaidia, na hita ya volti 240 ya wati 150 pamoja na kidhibiti joto cha nje ni lazima. Hita zikiharibika mara nyingi zinaganda zikiwa zinawaka, ndiyo maana kidhibiti cha pili kinahitajika. Lakini ndugu wa Kigamboni, wewe hata hita usinunue.

---

Mkazi wa Kigamboni

Asanteni sana. Nimebandua silikoni yote, katikati ya vioo pako safi, nikaweka mpya na kusubiri siku nane. Saa 72 zimepita, tangi na ndoo vimeshuka sawa, milimita 7. Ukuta umeshika. Pampu ya zamani nimeifungua: sumaku ina ufa na kutu ya rangi ya chungwa. Nimeitupa pamoja na mchanga.

Nimelijaza kwa jagi nikihesabu: bila mawe linachukua lita 106 mpaka kwenye alama ninayoitaka. Chumba cha tatu, cha pampu, ni sentimita 15 kwa 16. Kofia nimeondoa. Pampu mpya na feni mbili zikiwa zinafanya kazi, maji yalikuwa nyuzi 28.6 saa tisa mchana jana.

Sasa nimebaki na maji, mawe, na vile vijipira. Nikae navyo au nivitoe? Wengine wanasema ndivyo vinavyoshika bakteria.

---

Maji ya Bamvu

Maji ya bahari yenyewe ni mazuri na unayo karibu, shida ni wapi na lini unachota. Usichote ufukweni karibu na mlango wa mto au mkondo wa maji machafu, na usichote masika. Mvua ikinyesha wiki nzima, tabaka la juu karibu na pwani linapungua chumvi na kubeba kila kilichooshwa mjini. Chota maji yakiwa yanajaa, saa moja au mbili kabla hayajajaa kabisa, kwa sababu hapo yanatoka nje kuja pwani. Yakipwa yanabeba uchafu wa ufukwe. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, ni bora kuliko za bamvu, inapojaa na kupwa sana, ingawa jina langu ni hilo: mkondo umetulia na mchanga haujatibuka. Nenda kwa mashua mpaka rangi ibadilike, ushushe dumu chini ya uso wa maji ndipo ulifungue, ili utando wa mafuta wa juu usiingie.

Yapitishe kwenye kitambaa cha kuchujia cha maikroni 5. Kisha kwa kila ndoo ya lita 20 weka mililita 6 za jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato wala sabuni, yalale usiku mzima na kijiwe cha hewa. Hiyo ni kama miligramu 10 za klorini kwa lita. Asubuhi weka sodiamu thayosalfeti gramu 1.5 kwa ndoo, endelea kupuliza hewa siku nzima, upime kwa kipimo cha klorini cha bwawa la kuogelea mpaka kisome sifuri. Ndipo upime chumvi: unataka 35 kwa elfu, au uzito wa 1.026 ukilinganisha na maji matamu. Rifraktomita, kile kipima chumvi cha kuchungulia, uirekebishe kwa kimiminika cha 35, usiirekebishe kwa maji matamu, kwa sababu nyingi zinasoma sawa kwenye sifuri na kukosea juu.

Kulipia mvuke ni maji matamu tu, chumvi haikauki. Na hapa vipimo vyako vya chumba cha tatu vina maana kubwa. Sentimita 15 kwa 16 ni eneo la sentimita za mraba 240, kwa hiyo kila lita inayokauka inashusha chumba hicho kwa sentimita 4 na kitu. Upande wa samaki hutaona mabadiliko yoyote, kimo chake kinashikiliwa na ukuta. Kwa feni mbili utapoteza lita moja na nusu au mbili kwa siku, yaani siku ya pili pampu itakuwa inavuta hewa na tangi limejaa viputo. Weka kijazio cha kujiendesha chenye kihisi ndani ya chumba hichohicho, dumu la lita 10 likae chini ya usawa wa tangi ili maji yasijivute yenyewe pampu ikizimika. Maji yawe ya RO (yaliyosukumwa kupita kwenye utando wa kuchujia) yaliyopitia kichujio cha ioni na yasome sifuri kwenye kipima TDS, yaani madini yaliyoyeyuka. Maji yanayotoka kwenye kiyoyozi yanaonekana safi lakini yamepita kwenye mabomba ya shaba, na ya mvua yaliyopita kwenye bati yana zinki. Yote mawili yanaua konokono kabla hujajua kilichotokea.

Umeme ukikatika usihangaike na joto kwanza, hangaikia hewa. Kwa nyuzi 30 maji ya bahari yanashika oksijeni kama miligramu 6.2 kwa lita, wakati kwa 25 ni karibu 6.7, kwa hiyo akiba yako ni ndogo tangu mwanzo. Pampu ya hewa ya USB ya wati 1.5 kwenye pawabanki ya mAh 20,000 inaendesha zaidi ya siku nzima.

---

Bi Matumbawe

Hapo kwenye maji tunatofautiana kidogo na ndugu yangu wa Bamvu. Kujaza mara ya kwanza kwa maji ya bahari naunga mkono. Lakini kwa kubadilisha lita 10 kila wiki, mwaka mzima pamoja na masika, weka akiba ya chumvi ya akwaria ndani ya nyumba. Gramu 36 hadi 38 kwa lita, uchanganye ndani ya maji yanayozunguka kwa siku moja. Siku tangi likiugua huwezi kusubiri maji mafu.

Vijipira vitoe. Ni kweli vinashika bakteria, lakini kwenye chumba kilichobanana kama hicho vinanasa mavi na mabaki ya chakula mahali usipoweza kusafisha, vinaoza, na nitrati inapanda taratibu bila sababu unayoiona. Mawe kilo 10 yana nafasi ya kutosha ya bakteria. Chumba cha kati panga hivi: juu pamba ya kuchujia, chini yake mfuko wa mkaa maalumu wa akwaria kama vijiko vinne vya chakula, basi. Mkaa wa jikoni hauhusiki. Pamba ibadilishe kila siku tatu. Ukiiacha wiki mbili umerudia kosa la vijipira.

Angalia pia ukuta wa chumba cha kwanza. Kuna matundu ya juu ya kuingizia maji na mengine chini. Yale ya chini ukiyaziba kwa kipande cha plastiki, maji yote yanaingia kutoka juu na ule utando wa mafuta usoni unatoweka ndani ya siku mbili. Ila ukiyaziba, matundu ya juu lazima uyasugue kila wiki. Yakizibwa na mwani, maji hayafiki nyuma, chumba cha pampu kinakauka na upande wa samaki unajaa.

Mawe. Swali la kwanza umuulize aliyekuuzia, kama bado unampata: aliwahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba ndani ya tangi hilo? Kama ndiyo, au kama hakumbuki na kipimo cha shaba kinaonyesha chochote, tupa mawe yote. Kioo hakina neno, lakini jiwe linashika shaba na kuiachia polepole, na konokono na matumbawe hawaistahimili hata kidogo.

Kama ni salama, yasugue kwa brashi, yalaze kwenye jiki moja kwa kumi siku mbili, suuza, uyaanike juani wiki nzima mpaka harufu iishe. Mabaki ya viumbe vilivyokufa ndani ya matundu ndiyo yanayotoa fosfeti. Yaweke kwenye pipa la maji ya chumvi lenye pampu na kifuniko, gizani, upime fosfeti kila wiki na kubadilisha maji mpaka ikae chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Inaweza kuchukua wiki nne, inaweza kuchukua nane. Ukiharakisha utapata mwani wa nywele kwa miezi sita.

Mchanga nunua wa matumbawe uliofungashwa, kina cha sentimita 2 au 3. Ukitaka kupima mchanga wowote, dondoshea siki: ukitoa viputo ni wa chokaa, usipotoa ni wa mawe ya kawaida. Na mawe hai au matumbawe usiende kuyavunja mwambani. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tafuta vipande vilivyokuzwa kwenye matangi ya wenzako.

Kuwasha mzunguko, yaani kukuza bakteria wanaogeuza amonia ya mavi kuwa nitriti kisha nitrati: mawe ndani, mchanga ndani, taa zimezimwa. Kwa maji yako, yatakayobaki kama lita 95 baada ya mawe, amonia kloraidi safi gramu 0.6 inakupa karibu miligramu 2 kwa lita. Weka bakteria wa chupa. Pima kila siku mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda, kisha nayo ishuke. Nitriti ikiwa juu, kipimo cha nitrati kinadanganya, kinasoma nyingi kuliko ilivyo, usikiamini bado. Tangi limeiva ukiweka tena gramu 0.6 na saa 24 baadaye amonia na nitriti zote zisome sifuri. Badilisha nusu ya maji, ndipo uwashe taa, asilimia 30 kwa saa sita, uongeze kidogo kila wiki. Unga wa kahawia utakaotanda kwenye mchanga ni dayatomu, aina ya mwani mdogo sana, utapita wenyewe.

---

Mkazi wa Kigamboni

Dada asante, nimemuuliza: amesema hakuwahi kutumia dawa yoyote, na kipimo cha shaba kimesoma sifuri. Mawe yako kwenye pipa tangu juzi. Swali la mwisho: kuna samaki aina ya kangaja, mdogo wa sentimita 5, jamaa ananiahidi bure. Anaweza kukaa na klaunifishi mpaka akue?

---

Bi Matumbawe

Hapana, usimpokee. Kangaja anaogelea mwamba mzima kutwa nzima akitafuta mwani, na huyo wa sentimita 5 ni mtoto. Kwenye tangi la upana wa nusu mita atazunguka kioo kwa kioo, atapata madoa meupe kwa msongo, na ataambukiza wengine. Kwa lita 95 weka klaunifishi wawili, na baada ya miezi miwili samaki mmoja mdogo wa chini. Basi.

Klaunifishi wawekee karantini wiki nne kwenye ndoo au tangi dogo lenye sponji, kipande cha bomba la PVC cha kujifichia, na kipimo cha amonia kila siku. Kama wametoka dukani kwenye chumvi pungufu, mfano 1.020, ndoo ya karantini ianzie hapohapo, uipandishe 0.001 kwa siku. Kushuka wanavumilia, kupandishwa ghafla ndiko kunakowaua.

---

FundiKioo

Kabla hujajaza mara ya mwisho: maji, mawe, mchanga na kioo vyote vinakaribia kilo 150. Stendi ya mbao za kubandika iliyokuja nalo ikilowa inavimba miguuni. Piga rula ya maji pande zote mbili tangi likiwa tupu. Ukikuta limelala zaidi ya milimita 3 kutoka kona hadi kona, tia kabari chini ya stendi, kamwe usitie kati ya stendi na tangi.

---

Mkazi wa Kigamboni

Nimepima, kulia kumeshuka milimita 5. Nachonga kabari kesho.